Kimepasuka, au Umekipasua?

Ukikodi ng'ombe wa kulimia, simba akamuua porini, nani abebe hasara? Swali hili sikulibuni mimi. Limo katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizochongwa kwenye nguzo ya jiwe jeusi miaka 3,700 hivi iliyopita, nguzo ambayo leo iko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Jibu lake ni fupi: hasara ni ya mwenye ng'ombe. Ukimuua wewe kwa uzembe au kwa kipigo, lipa ng'ombe kwa ng'ombe. Akipigwa na mungu akafa, basi aliyekodi ataapa mbele ya mungu, kisha ataachwa aende zake.

Napenda hapo penye kiapo. Waliotunga sheria ile walijua jambo ambalo ofisi za siku hizi hazitaki kulisema wazi: kwamba mara nyingi shahidi wa ajali ni mmoja tu, na ndiye huyo huyo anayedaiwa.

Biblia nayo ina kesi hiyo, Kutoka 22, mstari wa 14 na 15. Aliyeazima mnyama, mnyama akafa mwenyewe hayupo, alipe. Kama mwenyewe alikuwapo, asilipe. Na kama mnyama alikodiwa, hasara imeshaingia ndani ya kodi yake. Fiqhi ya Kishafii, ambayo Waislamu wengi wa kwetu, kuanzia Ujiji mpaka Pwani, wanaifuata, inapita njia hiyo hiyo kwa maneno yake: mkono wa mwenye kuazima ni wa dhamana, lakini mkono wa mwenye kukodi ni wa amana. Kitu cha kukodi kikiharibika bila uzembe wako na bila kuvuka mipaka mliyokubaliana, hulipi. Sababu inaeleweka hata kwa mtu asiyekanyaga madrasa. Aliyeazimwa amepata bure. Aliyekodi amelipa, na alicholipia ni pamoja na kule kuchakaa kwa kitu, kufa kwake kidogo kidogo kila siku kinapotumika.

Nimeanza mbali namna hii kwa sababu ya alama moja kwenye kioo cha gari, ukubwa wake punje ya mahindi, yenye nyufa tatu fupi kama miguu ya kuku.

Ilikuwa Agosti 2022. Mama alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga Kigali, na daktari alisema asipande basi. Tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu mkubwa, na fedha ya mchango wa ukoo. Tukakodi gari, RAV4, kwa wiki moja, kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Tukaeleza tunakokwenda: Rusumo, Nyakanazi, Kakonko, Kibondo, mpaka Kasulu, na kurudi. Tukalipia ruhusa ya kuvuka mpaka na ile kadi ya njano ya bima. Kijana wa mapokezi akaandika majina ya miji yetu kwenye mkataba kwa mkono wake, herufi moja moja, akituuliza kama Kibondo ina "b" moja au mbili. Amana ilikuwa dola 300, taslimu.

Mkataba niliusoma. Ulikuwa wa Kiingereza, kurasa nne, na kwenye ukurasa wa tatu palikuwa na kifungu kwamba bima kubwa inafidia kila kitu isipokuwa vioo na matairi. Nilicheka, kwa kweli. Mtu anapeleka gari kwenye vumbi na kokoto, halafu bima inaacha nje vitu viwili ambavyo kokoto huvigusa kwanza. Ni sawa na kumkinga ng'ombe na kila balaa isipokuwa simba. Niliomba kifungu kiondolewe. Kijana akasema, kwa upole tu, kwamba ni hivyo kwa kila mteja. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu mlangoni, jua linampiga. Nikatia sahihi nikijua ninachosaini.

Msomaji uliyewahi kupita Rusumo unajua kinachotokea pale. Rwanda wanaendesha kulia, sisi kushoto. Unavuka daraja la Kagera, na ghafla usukani wako wa kushoto unakuwa upande usiofaa wa dunia. Ukitaka kulipita lori, wewe dereva huoni mbele. Anayeona ni abiria aliyekaa kulia. Kwa hiyo kuanzia Benaco mpaka Kasulu niliendesha kwa neno la kaka. "Bado. Bado. Kuna fuso. Haya, twende." Mara ishirini, thelathini, nilitoka kwenye upande wangu na kuingia mahali nisipopaona, mama yetu akiwa amelala kiti cha nyuma, kwa sababu tu kaka kasema twende. Nilikuja kuyakumbuka haya baadaye, mezani Kigali, tulipoambiwa kwamba neno la mtu halitoshi.

Siku zile barabara ya Kibondo hadi Kasulu ilikuwa ndani ya ule mradi wa lami wa Kabingo hadi Manyovu, mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wenyeji tulikuwa tumeisubiri lami hiyo tangu utoto. Sasa imekuja, na kabla haijatandazwa inabidi ule vumbi la michepuko na malori ya kokoto. Tulilala Kibondo kwa dada. Kesho yake, tumeshapita njia panda ya Nduta na hatujafika Mvugwe, tukapishana na lori. Nilikuwa kwenye mwendo wa kilomita 40. Jiwe likaruka, "ta!", likagonga kioo upande wa kaka, usawa wa macho yake. Mama akaamka akauliza kama tumegonga mbuzi.

Ndiyo hivyo. Hakuna zaidi. Simba alitoka porini akarudi porini.

Ubishi wenyewe ulianza siku tunarudisha gari, tukiwa bado kwenye foleni ya magari kuingia Kigali. Gari lilikuwa jekundu kwa vumbi, na alama ile ilikuwa imejificha ndani ya vumbi kama mtoto aliyejifunika kanga. Kaka akasema tusilioshe. Nikamwambia nitawaonyesha alama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kitu ambacho mpaka leo sijakipatia jibu la kunyamazisha: "Mwalimu, zile dola si zako. Ni za shangazi, ni za watoto wa marehemu, ni za kila aliyechanga. Ukarimu ufanye na mfuko wako."

Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Kusema kweli kwa gharama yangu ni jambo moja, na kusema kweli kwa gharama ya mjane aliyeuza gunia la maharage ni jambo jingine. Akaongeza ya pili: "Hatudanganyi. Wakiuliza, tunajibu. Wasipouliza, kunyamaza si kuficha."

Kaka hajawahi kumsoma Cicero, lakini hayo ni maneno ambayo Cicero, Mroma, ameyahifadhi kwenye kitabu chake juu ya wajibu, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo. Anasimulia ubishi wa Wastoa wawili kuhusu mtu anayeuza nyumba yenye kasoro asiyoijua mnunuzi. Diogenes wa Babeli (Babeli tena!) alisema kutosema si sawa na kuficha, mnunuzi ana macho. Antipater alimpinga: kumwacha mtu aingie kwenye hasara huku unaiona ni sawa na kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Cicero mwenyewe akaegemea upande wa Antipater.

Mimi pia niliegemea huko, lakini kwa sababu nyembamba zaidi. Gari lile lingekodishwa kwa mtu mwingine kesho yake. Ufa wa kioo hautulii, hutembea. Baridi ya usiku, joto la mchana, shimo moja, na miguu ya kuku inakuwa ya mbuni. Na huyo mtu wa kesho ndiye angelipishwa jiwe letu, akiapa kwamba hakuliona, na asisadikiwe. Nilipomwambia kaka hivyo alisema, "Haya, onyesha. Lakini usilipe." Nadhani hapo ndipo alipolipasua jambo lenyewe katikati, bila kukusudia. Kusema lilikuwa deni letu. Kulipa lilikuwa swali jingine kabisa. Watu wengi, wema kwa wabaya, huyachanganya hayo mawili: mwema anadhani akishasema basi lazima alipe, na mjanja anadhani asipotaka kulipa basi lazima anyamaze.

Tukaonyesha. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kijana aliyekuwa karibu kutusainia bila hata kuinuka, akainuka. Akaleta maji na kitambaa. Akazunguka gari mara mbili, akainama, akapiga magoti, na kwenye bampa la nyuma akapata mkwaruzo wa urefu wa kidole. Akaandika: kioo kipya, dola 220. Mkwaruzo, dola 80. Jumlisha mwenyewe.

Sitaki kumsingizia kijana roho mbaya. Ukikaa kwenye meza ile miaka kadhaa ukisikia kila mtu akisema "ni jiwe", nawe utaacha kusikia. Kampuni haina njia ya kumtofautisha msema kweli na mwongo, kwa hiyo inawapangia bei moja. Amana ipo kwa sababu ya mwongo, na mkweli anaiacha mezani pamoja naye. Lakini angalia matokeo yake: mahali pale pamejengwa hivi kwamba mtu mkweli ndiye anayepekuliwa, na aliyenyamaza huondoka na risiti na kheri ya safari.

Mkwaruzo tuliumaliza kwa dakika tano. Siku ya kuchukua gari nilikuwa nimelipiga picha pande zote, na picha ya bampa ilionyesha mkwaruzo ule ule, na saa imeandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari ni simu. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa na ladha chungu kidogo. Waliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, watakumbuka namna Shylock anavyoshindwa. Hashindwi kwa huruma. Hotuba ya huruma inapita juu ya kichwa chake. Anashindwa kwa karatasi iliyosomwa kwa ukali kuliko alivyoisoma yeye: nyama imeandikwa, damu haikuandikwa. Karatasi imepigwa na karatasi. Nami bampa nililishinda hivyo hivyo. Hakuna aliyeniuliza kama nasema kweli, na kama ningekuwa mwongo mwenye picha nzuri ningeshinda vile vile. (Na yule Antonio mwenyewe, tukumbuke, kosa lake lilikuwa nini? Merikebu zake ziliripotiwa zimezama. Jiwe la barabarani, ila la baharini.)

Kikabaki kioo. Akaja dada msimamizi, mtu wa maneno machache. Akasema sawa, kioo kipya si lazima, wana fundi wa kuziba alama kama hizo kwa gundi maalumu, dola 45, nasi tutarudishiwa 255. Kaka alinikanyaga mguu chini ya meza, maana yake kubali haraka, basi la Rusumo linaondoka. Na mimi nilikuwa tayari kukubali. Kwa Hammurabi nisingedaiwa, kwa Musa nisingedaiwa, kwa Imamu Shafii nisingedaiwa, lakini mimi niliahidi kwa sahihi yangu kwamba vioo ni juu yangu. Nililiahidi jambo lisilo la haki sana, huku nalijua. Ahadi ya namna hiyo bado ni ahadi, ilimradi wadai gharama yenyewe na si faida juu yake. Sheria ya Mikataba ya kwetu, ya mwaka 1961, iliyorithi mengi kutoka ile ya India ya 1872, nayo inaanzia mahali pazuri: mtunza mali ya mtu aitunze kama mtu wa busara ya kawaida angetunza yake. Hata hivyo watu hukaa na kuandikiana zaidi ya hapo, na sisi tulikuwa tumeandikiana.

Basi nikaletewa fomu nisaini. Kwenye fomu, kwa Kiingereza, palikuwa pameandikwa kwamba mimi, fulani, nakiri nimesababisha uharibifu wa kioo.

Hapo nikaweka kalamu chini.

Kaka alinitazama kama mtu aliyeona mzigo ukianguka kutoka juu ya basi. "Si umeshakubali kulipa?" Nimekubali kulipa. Sijakubali hiyo sentensi. Kiswahili chetu kina kitu ambacho hatukishukuru vya kutosha: kinatofautisha "kupasua" na "kupasuka". Umekipasua kioo, yupo mtendaji, na ni wewe. Kioo kimepasuka, mlango umeachwa wazi kwa jiwe, kwa baridi, kwa simba, kwa Mungu. Mtoto wa miaka minne anayeangusha kikombe anaijua tofauti hiyo, ndiyo maana hukimbilia kusema "kimevunjika", na mama yake humuuliza "kimevunjika au umekivunja?" Swali la mama huyo ndilo swali zima la falsafa ya uwajibikaji, limebebwa ndani ya silabi chache. Kampuni ilikuwa haiulizi. Ilikuwa imeshachapa jibu.

Nikamweleza msimamizi hivyo, kwa Kiswahili, maana Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini niliona maneno yangu yanamfikia nusu. Nikahamia Kiha. Kiha chetu na Kinyarwanda ni watoto wa nyumba moja, na Kirundi ndugu yao. Ukienda pole pole mnaelewana. Nikamwambia kwenu kuna kumena na kuna kumeneka. Mimi sikumena. Kilimeneka. Akacheka, mara ya kwanza siku ile. Akasema, "Ndiyo, kilimeneka." Akachukua kalamu, akakata mstari ule, akaandika juu yake kwa mkono kwamba kioo kilipigwa na jiwe, barabara ya Kibondo–Kasulu, na mteja ametoa taarifa mwenyewe. Nikasaini. Nikalipa 45.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi, na sina uhakika kwamba lilikuwa haki tupu. Je, angekuwa Mzambia, asiye na Kiha cha kuombea, naye amepigwa na jiwe lile lile? Angesaini ile sentensi iliyochapwa. Nilipewa imani kwa sababu ya sauti zinazofanana na za bibi yake, si kwa sababu ya ushahidi. Hilo linanisumbua. Lakini pia naona kwamba kiapo cha Hammurabi kilihitaji kitu kama hicho hicho: anayeapa na anayeapiwa wamwogope mungu mmoja. Kiapo kwa mtu asiye na lolote la kushirikiana nawe ni kelele tu. Kampuni haina mungu wa kuapiwa. Msimamizi wake anaye.

Babu alikuwa akitusimulia habari za ubugabire, enzi za falme za Buha, Heru upande wa Kasulu na Muhambwe upande wa Kibondo. Mwenye ng'ombe alimpa mtu ng'ombe amtunze. Mtunzaji akanywa maziwa, naye akatoa utumishi. Sitaki kuupamba mfumo ule. Ulikuwa wa bwana na mtu wake, na mtu wake hakuwa na ubavu wa kubishana kama mimi na bampa langu. Ila ng'ombe akifa, kwa masimulizi ya babu, mtunzaji alikwenda na ngozi. Ngozi haikuwa fidia, maana haitoi maziwa. Ilikuwa namna ya kusema: amekufa, sikumuuza, mtazame. Baada ya hapo ndipo mazungumzo ya nani afanye nini yalipoanza. Ningependa kujua ni wangapi walifika na ngozi wakafukuzwa. Babu hakuwahi kutaja, nami nilikuwa mtoto, nilitaka tu kusikia habari za simba.

Kasulu tulifika kesho yake jioni, tukatoa hesabu mbele ya waliochanga. Kaka ndiye mwenye daftari. Kwenye ukurasa wa matumizi aliandika: hospitali, dawa, gari, mafuta, mpaka, chakula. Chini kabisa, peke yake, akaandika "Hasara: dola 45". Nikamwomba aihamishie kwenye "gari", maana ni sehemu ya bei ya kumleta mama. Alikataa. Shangazi akauliza tunabishana nini tena, akaambiwa ni jiwe, akasema mama amefika, mfunge hilo daftari mle. Mstari uko vile vile hadi leo.